Sefu ya bastola kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta

*Swali: Naishi Houston, Texas, na nina kibali cha ukaazi wa kudumu. Nafanya kazi ya ulinzi wa silaha, zamu ya usiku. Bastola ni yangu mwenyewe, na kila asubuhi narudi nayo nyumbani. Tumepanga nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili. Nina binti wa miaka minne na kijana wa miaka kumi na mmoja, na tangu Machi tunaishi na mpwa wangu wa miaka kumi na sita aliyetoka Kigoma. Mkataba unakataza kutoboa ukuta au sakafu. Nimenunua sanduku la alama ya kidole kwa dola 60. Je, linatosha? Na siku nikilala nyumbani usiku, nikaihitaji haraka? – Baba Neema*

Halitoshi, Baba Neema, na bei si sababu kubwa. Nimefanya kazi ya kufuli na sefu miaka kumi na tisa, mingi yake hapa Texas. Mteja akija simuulizi anataka sefu gani. Namuuliza anamzuia nani. Karibu wote hunijibu "mwizi". Kwako wewe mwizi ni mtu wa tano. Mbele yake yuko Neema, yuko kaka yake, yuko mpwa wako, na yuko fundi wa matengenezo anayeingia kubadilisha chujio la kiyoyozi wakati ninyi hampo. Kila mmoja ana mikono yake na muda wake, na kifaa kinachomzuia mmoja kinaweza kuwa mchezo kwa mwingine.

Neema ndiye rahisi kuliko wote. Kwake sanduku lolote lililofungwa kweli linatosha, na hata ile kufuli ya waya inatosha. Nadhani unayo tayari: tangu 2006 sheria ya nchi nzima inamtaka muuzaji mwenye leseni ampe mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifungia, kwa hiyo tazama ndani ya lile boksi la plastiki ilimokuja. Kama imepotea, vituo vingi vya polisi hugawa nyingine bure kupitia mpango wa Project ChildSafe. Toa magazini (kasha la risasi), vuta slaidi (chuma cha juu kinachoteleza), hakikisha chemba, yaani tundu la risasi, haina kitu kwa jicho na kwa kidole, kisha pitisha waya kwenye tundu la kutolea maganda utokee chini kwenye nafasi ya magazini. Ikikaa hivyo bastola haiwezi kufunga slaidi wala kupokea risasi. Ile kufuli nyingine inayobana triga, yaani kifyatulio, siipendi. Watu huifunga kwenye bastola yenye risasi, na chuma kinachopita karibu na triga ya silaha iliyojazwa ni kutafuta msiba.

Kijana wa miaka kumi na mmoja ni habari tofauti. Huyo hatumii nguvu, anatumia macho. Anajua unapoweka pochi, anajua mama yake anaficha wapi peremende, na namba ya kufungulia simu yako aliikariri zamani. Mwaka 2006 watafiti wa Alabama walichapisha utafiti ambao huwa nawatajia wateja wangu: waliwauliza wazazi wenye silaha kama watoto wao wanajua zilipo, halafu wakawauliza watoto wenyewe kando. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui, asilimia 39 walikanushwa na mtoto wao. Mimi sikuhitaji utafiti. Nilikuwa nimetundika ufunguo wa dharura wa sefu nyuma ya kalenda jikoni, nikijiona mjanja, mpaka binti yangu wa miaka saba akaniletea sebuleni mbele ya wageni: "Baba, huu si ule wa sanduku lako?" Kwetu tumezoea juu ya kabati, chini ya godoro, ndani ya sanduku la kanga. Mtoto wa kwetu analijua godoro kuliko wewe.

Sasa huyo ufunguo wa dharura, maana masanduku karibu yote ya umeme huja nao, na nyumba nyingi huponzwa nao. Wewe unafanya kazi usiku, kwa hiyo unalala mchana. Watoto wanarudi shule alasiri, na likizo ya kiangazi wapo nyumbani kutwa. Saa zako za usingizi mzito ndizo saa zao za kuzurura ndani ya nyumba, na bunda lako la funguo liko mezani. Ufunguo huo utoke nyumbani kabisa. Uweke kwenye kabati lako la kazini, au mpe rafiki unayemwamini kwenye bahasha iliyofungwa.

Nimemwacha mpwa wako mwisho kwa sababu ndiye anayeamua ununue nini.

Kijana wa miaka kumi na sita ana kitu ambacho mwizi hana, nacho ni muda. Chukua yale masanduku ya chuma yenye vitufe vitano vya makanika, yasiyotumia betri. Mimi binafsi nayapenda: bati nene, hayazimiki, na ukizoea unafungua gizani. Lakini kufuli ile ina mipangilio 1,082 tu inayowezekana. Hesabu sekunde tano kwa kila jaribio, na kijana mvumilivu anaimaliza yote kwa saa moja na nusu. Mwizi hatakaa chumbani kwako saa moja na nusu. Mpwa anaweza, tena kwa mafungu, leo kidogo kesho kidogo, akiandika kwenye daftari. Kwa nyumba yako ningechagua vitufe vya namba vya umeme, vinavyojifunga kwa dakika kadhaa baada ya majaribio machache ya kukosea. Ubaya wake ni betri. Badilisha kila mara saa za Marekani zinaposogezwa mbele au nyuma, Machi na Novemba, na hutaikuta imekufa. Namba isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote, na ile iliyotoka kiwandani ifutwe siku hiyohiyo.

Kuna jambo jingine kuhusu mpwa wako, na nakuomba usilisome kama ubaya juu yake. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Zaidi ya nusu. Tukiwa nyumbani tunadhani habari ya bunduki Marekani ni majambazi na shule, kumbe kubwa zaidi ni mtu mmoja peke yake chumbani. Kijana ametoka Kigoma miezi michache iliyopita, lugha inamkatika darasani, marafiki amewaacha, baridi ya kwanza haijamkuta bado, na mjomba analala mchana. Simsemei kwamba ana huzuni. Nasema kwamba wimbi la kutaka kujiua mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na kinachomwokoa kijana ni kizuizi kilichokula dakika zake. Sisi hatuzungumzi mambo haya. Tunasema atazoea, tunasema ni mwanamume. Ukiona amenyamaza kupita kiasi, hagusi chakula, anagawa vitu vyake, bastola itoke nyumbani kwanza, mazungumzo yafuate. Baadhi ya maduka ya silaha huhifadhi kwa ada. Namba 988, ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua, hupokelewa saa zote, nawe kama mlezi unaweza kuipiga kuomba ushauri.

Kwa sababu hiyo risasi zikae mbali na bastola. Si rafu moja juu yake. Chumba kingine, sanduku jingine, namba nyingine. Ni kifaa cha dola 30 au 40 kinachogeuza kosa moja kuwa makosa mawili ambayo lazima yatokee pamoja.

Nasikia unavyosema: na nikiihitaji usiku? Unafanya kazi hii, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa kazi. Nyumba yenye watoto wawili wadogo na kijana mmoja, mimi singeweka bastola yenye risasi hata ndani ya sanduku. Lakini najua wapo wasiokubali, basi mpaka wangu ni huu: siku za mapumziko, usiku tu, sanduku la vitufe likiwa upande wako wa kitanda, na asubuhi kabla hujanywa chai bastola inavuliwa risasi na kila kitu kinarudi mahali pake. Chini ya mto hapana. Droo ya kando ya kitanda hapana. Kwetu husemwa mtoto akililia wembe mpe, akikatwa atajua. Wembe unaacha kovu la kufundishia.

Turudi kwenye hilo la kidole. Oktoba 2023 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza kuondolewa sokoni kwa masanduku ya kidole ya kampuni ya Fortress yapatayo 61,000, baada ya kifo cha mvulana wa miaka 12. Tatizo lilikuwa kwamba kufuli iliweza kumfungulia mtu ambaye kidole chake hakikusajiliwa. Mwaka 2024 yakafuata ya makampuni mengine. Masanduku mengi ya aina hii, kabla hujasajili kidole, hufunguka kwa kidole cha yeyote, na mwenye nyumba akidhani amesajili kumbe hakukamilisha, anaishi na sanduku linalomheshimu kila mtu. Ulipojaribu na kidole chako likafunguka, ulifurahi. Ulimwita mkeo ajaribu chake? Umwite leo, halafu watoto mmoja mmoja, sanduku likiwa tupu. Kisha jaribu chako kikiwa na jasho. Nimeona walinzi wenzako wakishindwa kufungua baada ya kuosha vyombo, sembuse wakitetemeka usiku.

La kununua, basi. Tafuta chuma chenye unene ulioandikwa wazi. Hapa Marekani hutumia geji, na namba ikizidi kuwa kubwa bati linazidi kuwa jembamba: geji 18 ni kama milimita 1.2, unaikunja kwa bisibisi kubwa. Geji 10 ni zaidi ya milimita 3, hiyo inataka mtaimbo na jasho. Geji 14 ndiyo ya chini ninayoikubali. Bawaba ziwe ndani. Kwa bajeti ya dola 200 hadi 300 unapata sanduku jema la bastola moja. Ukiona alama ya RSC, daraja la usalama la makabati ya nyumbani, kwenye makabati makubwa, maana yake limestahimili dakika tano za mtu mmoja mwenye vifaa vya kawaida vya mkononi. Ndiyo, dakika tano, na hiyo ni daraja ya heshima. Ukijua hilo hutadanganyika na neno "sefu" lililochapwa kwa dhahabu mlangoni. Kabla ya kulitegemea, lifunge likiwa tupu, liinue kama nusu mita, liangushe juu ya zulia. Baadhi ya yale ya bei poa hufunguka hapohapo.

Usinunue sanduku la moto la nyaraka ukaweka bastola. Kuta zake hujazwa vitu vinavyotunza maji ili vipoze wakati wa moto, na unyevu huo ukifungiwa ndani pamoja na hewa ya Houston, ambayo ni ya Mombasa bila upepo wa bahari, baada ya miezi miwili utakuta kutu kwenye slaidi. Pakiti mbili za silika jeli, mafuta kidogo kwenye kitambaa, basi.

Uzito na kufunga sasa, maana hapa ndipo mpangaji anapokwama. Sanduku la kilo sita lisilofungwa popote ni begi lenye mpini. Mwizi halifungui, analibeba akalifungue kwake kwa starehe.

Kwanza omba. Watu hawaombi! Andika barua pepe kwa ofisi ya nyumba: unataka kufunga sefu ndogo ndani ya kabati la nguo, matundu manne, utayaziba na kupaka rangi siku ya kuhama. Huna haja ya kusema ya nini; sefu ni sefu. Nimeona wengi wakikubaliwa siku hiyohiyo. Wakikubali kwa maandishi, funga kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta, ambazo kwa kawaida huachana inchi 16, yaani kama sentimita 40. Skrubu kwenye jipsamu tupu haishiki kitu. Epuka ukuta unaopakana na bafu, kuna mabomba. Sakafu yako usiiguse: ghorofa ya pili ya Wamarekani, ambayo kwa hesabu yetu ni ya kwanza, aghalabu ni mbao zilizomwagiwa zege jembamba, na chini yake kuna mabomba na dari ya jirani. Na siku ukihamia chini, usidhani zege nene ndiyo afadhali. Houston udongo wake ni mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, kwa hiyo majengo mengi yamemwagwa juu ya zege lenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa. Keekee ikikata waya mmoja, unaweza kuumia vibaya na kulipa ukarabati ambao dhamana yako haifikii hata robo.

Wakikataa, jenga kitu kisichopita mlangoni. Chukua plaiwudi mbili za milimita 18, moja ya chini na moja ya mgongoni, karibu upana wote wa kabati la nguo. Ziingize moja moja, ziunganishe humo ndani kwa vyuma vya pembe, kisha funga sanduku kwenye ubao wa chini kwa bolti zinazokazwa kutoka ndani ya sanduku, nati zikiwa zimezama chini ya ubao. Vikishaungana vimekuwa kiti kikubwa kisichogeuka wala kutoka kwenye uwazi wa mlango wa kabati. Weka juu ya ubao vyuma vya mazoezi, vinne vya kilo ishirini. Sokoni vilivyotumika ni bei ya chakula. Funika kwa rafu ya viatu. Anayetaka kuondoka nacho atalazimika kuvunja samani kwa kelele, na siku ya kuhama wewe unakunjua kwa nusu saa bila tundu hata moja. Ule waya mwembamba unaokuja na sanduku ufunge pia kwenye fremu ya chuma ya kitanda ukitaka, lakini koleo la kukatia huumaliza kwa mkono mmoja, kwa hiyo usiuhesabu.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Tangu 2019 Texas inamkataza mwenye nyumba kukuzuia kuwa na silaha halali ndani ya nyumba uliyopanga, au kwenye gari lako katika maegesho yake. Haikupi ruhusa ya kutoboa, usichanganye. Kwa upande wa pili, kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 afikie silaha yenye risasi kwa uzembe ni kosa, na akiifyatua akaua au kujeruhi vibaya, adhabu yako inaweza kufika mwaka mmoja jela na faini ya dola 4,000. Mpwa wako yumo katika hesabu hiyo. Kama kuna mtu mzima anayelala kwako ambaye sheria inamnyima silaha, kwa rekodi ya jinai au kwa hali ya viza yake, namba ya sefu asiijue kabisa, maana silaha anayoweza kuifikia inaweza kuhesabiwa kuwa mikononi mwake. Na sisi wapangaji tunahama. Massachusetts hutaka silaha ifungwe wakati wowote haiko chini ya udhibiti wako, kuwe na mtoto au kusiwe. Michigan walianza sheria yao ya nyumba zenye watoto Februari 2024. Kabla ya kupakia lori, soma ya uendako.

Gari si sefu. Ukipitia dukani asubuhi na sare imekuchosha, usiiache chini ya kiti "dakika tano". Wezi wa maegesho wanajua magari ya walinzi kwa stika na kwa mkanda ulioachwa kwenye kiti.

Andika namba ya bastola, ipige picha, itunze mbali na simu yako. Soma bima yako ya mpangaji. Nyingi huweka kikomo maalum kwa wizi wa silaha.

Sanduku jipya likija, liagize lifike siku upo, si ofisi ya nyumba. Makampuni mengi huchapa picha ya bastola kubwa kwenye katoni, kana kwamba wanatangaza. Katoni ikate vipande, ukazitupe mbali na jalala la pale kwenu. Hilo la dola 60 lirudishe dukani kama siku hazijapita. Zikiwa zimepita, mpe mkeo aweke vyeti na pasipoti, na namba ya modeli uitafute kwanza kwenye orodha ya bidhaa zilizoondolewa sokoni ya ile tume ya usalama wa bidhaa, wanaweza kukurudishia pesa.